Kikao cha Haki, na Mwanaidi Kasimama

Nilitoka Tanga kwa hasira. Mdogo wangu Mwanaidi, mtumishi wa ndani huko Maskati, alikuwa amemaliza mkataba, lakini bosi wake ameikalia pasipoti yake. Mama alilia wiki nzima. Mimi nikakata tiketi.

Alhamisi mchana nilifika mtaa wa Hamriya mjini humo, kwa rafiki yake Mwanaidi, Neema, msusi kutoka Mwanza. Akaniambia kuna kikundi cha weusi wanaopigania haki, na kesho yake kitajadili suala letu. Nikashukuru mapema mno.

Ijumaa baada ya alasiri tulikwenda kwa Bi Thuwaiba, Mwomani mwenye asili ya Unguja, mweusi kama mimi. Mwanaidi alikuwa ametangulia. Hata kukumbatiana vizuri hatukuweza, maana mwenye nyumba alikwisha kumkabidhi birika, kwa mazoea tu. Desturi ya huko, mmimina kahawa husimama mpaka kila mgeni atikise kikombe kuonyesha ametosheka.

"Mwanangu kanyimwa mke kwa sababu ya asili yake," alisema Bi Thuwaiba. "Nnataka sisi weusi wa hapa tuhisabiwe sawa na wenzetu. Mambo haya yataka subira na barua, si makelele."

"Wewe unataka uingie kwao," Neema akadakia. "Sisi tuliokuja kufanya kazi tunataka tutoke! Tujae ofisi ya kazi, dunia ituone."

Kila mmoja alikuwa na kidonda cha kweli, sikatai. Lakini walibishana saa nzima, na huku wakibishana wakimnyooshea Mwanaidi vikombe bila kumtazama. Na mimi, dada yake wa tumbo moja, nilikunywa vitatu. Nilijichukia.

Mwanaidi akaweka birika chini kabla hata mmoja hajatikisa kikombe.

"Jumapili nakwenda ofisi ya kazi. Nani anakuja nami?"

Bi Thuwaiba alitaka barua itangulie. Neema alitaka tungoje wapatikane watu wengi.

Jumapili asubuhi, ambayo huko ni siku ya kazi, tulikwenda wawili tu, mimi na yeye. Karani wa serikali alimpigia bosi simu, na kufika adhuhuri bosi mwenyewe akaileta pasipoti, eti alikuwa "akiitunza". Kidogo nimzabe kofi.

Jumanne, uwanja wa ndege, wanawake wote wawili walikuja kutuaga. Safari hiyo ilinifunza kwamba mtu anaweza kuwapigania weusi wote na asimwone mmoja aliyesimama mbele yake. Bi Thuwaiba aliomba picha ya Mwanaidi ameshika pasipoti, aiambatanishe na barua. Neema aliitaka airushe mtandaoni.

Mwanaidi aliitia pasipoti kifuani.

"Picha sipigi," alisema. "Mngekuja Jumapili."