Fundi anayelionea wivu jua la mkewe

Saa mbili kasoro asubuhi, Apinelu Teagai anafuta jenereta ambalo jana halikuwaka, juzi halikuwaka, na leo, kwa jinsi jua linavyochoma mapema hii, halitawaka.

Analifuta hata hivyo. Anaanzia kifuniko cha juu, anashuka kwenye bomba la mafuta, kisha anakaza nati ambazo wala hazijalegea. Akimaliza anasogea mlangoni pa banda la mashine na kutazama ng'ambo ya uwanja wa kanisa, zilipo paneli za umeme wa jua ndani ya uzio mpya.

Ndani ya uzio huo kuna mwanamke mwenye kofia ya ukindu anayeosha paneli kwa ndoo na kitambaa. Ni Lagisi, mkewe.

"Muone," anasema Apinelu bila kumwondolea macho. "Anaimba! Mimi miaka yote humu ndani, kelele za mashine hazikuniachia hata nafasi ya kupiga mluzi. Yeye kazi yake kuosha vioo na kuimba."

Ni wivu, na wala haufichi.

Kwa miaka ishirini na sita Apinelu, sasa mwenye umri wa miaka 57, ndiye aliyeiwashia taa Motulua, kisiwa kidogo cha Tuvalu, katika Bahari ya Pasifiki, ambako kila mtu anamjua kila mtu na madeni yake. Usiku, kabla ya kuzima mashine, alizima na kuwasha taa mara tatu upesi upesi, na kijiji kizima kikajua la kufanya. Watoto waliingia kwenye vyandarua, wachumba waliagana, na hata ngoma ya fatele ikiwa imekolea ukumbini, wachezaji walikusanya mikeka yao.

"Mchungaji mwenyewe akiona taa zinapepesa, anasema amina," anajigamba.

Heshima ilimfuata hadi nyumbani. Wavuvi wakirudi na jodari, kichwa kilikuja mlangoni kwake bila kuombwa.

Lakini dizeli ilikuwa inakitafuna kisiwa. Pipa moja likiteremshwa ufukweni lilikuwa na bei kubwa kuliko mshahara wa mwezi wa fundi. Paneli zilipoletwa, baraza la kisiwa likamtaka Apinelu aende Funafuti, mji mkuu, akasomee kazi hiyo. Akakataa mbele ya watu. Jua, alisema, ni la kuanikia nguo.

Ukumbi ulicheka sana. Kicheko kilipoisha, Lagisi alikuwa amenyoosha mkono.

Alirudi baada ya miezi mitatu na funguo shingoni. Saa za jenereta zikapungua, mshahara wa Apinelu ukakatwa nusu, na wa mkewe ukaupita. Kichwa cha jodari bado kinakuja mlango ule ule, ila siku hizi anayebisha humuulizia Lagisi: "Mama Mele yupo?"

"Mimi nimekaa pale pale kizingitini," anasema Apinelu. "Ananiruka kama gogo."

Mwezi Machi mvua ikanyesha wiki nzima. Baraza lilikuwa linafikiria kulipeleka jenereta kisiwa kingine, na Apinelu akaona Mungu amemsikia.

"Wenzangu kanisani wanaomba samaki, mimi naomba mawingu. Anisamehe."

Lagisi alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi watu wazime friza na kuchomoa pasi. Wengine walimwitikia wakamwangalia tu. Ijumaa alasiri betri za umeme wa jua zilikuwa zimeshuka mno, akakata umeme wa kijiji kizima na kubakiza wa zahanati peke yake, kwa ajili ya friji ya chanjo. Kisha akavuka uwanja, akasimama mlangoni pa mumewe.

"Baba Mele, washa."

Apinelu alilisubiri neno hilo kwa miaka miwili. Anakiri kwamba hakuharakisha. Alifuta mikono, akarekebisha kofia, akawatazama watu waliokuwa wamejaa nje, halafu ndipo akageuza ufunguo.

Jenereta likasema "tak", likanyamaza.

Akageuza tena. Hata hiyo "tak" haikutoka.

Betri ya kuwashia ilikuwa imekufa. Lagisi akatazama ukutani, akaona waya wa chaja yake unaning'inia kando ya soketi. Soketi ile sasa ilikuwa inapata umeme kutoka kwenye paneli zake.

"Umeichomoa lini hii?"

"Siku uliyoleta mshahara ukauweka mezani."

"Kwa nini, baba?"

"Sikutaka mashine yangu inyonyeshwe na jua lako."

Hakumpigia kelele, na hilo, anasema Apinelu, ndilo lililomuuma zaidi. Lagisi alileta toroli, wakaipakia betri na chaja, wakavuka uwanja wa kanisa kwenye mvua, kijiji kikiwatazama. Kaitu, kaka wa Lagisi, ambaye utani kwake ni chakula, hakujizuia.

"Shemeji, huo msafara wa wapi? Mnakwenda kuzika?"

Kwenye chumba cha betri, Lagisi alichomeka chaja kwenye umeme aliouhifadhi kwa ajili ya zahanati. Wakakaa sakafuni wakiisubiri.

"Chanjo zikiharibika?" Apinelu aliuliza.

"Basi tutakuwa tumeziharibu wawili."

Kabla giza halijaingia jenereta liliunguruma, na chanjo zilikuwa salama. Watu wakapiga makofi. Apinelu anasema hajawahi kuona aibu kama ile ya kupigiwa makofi.

Baraza lilipokutana, Kaitu alisema mashine imechoka na ipelekwe zake. Mzee Nafoa, mkuu wa baraza, akamgeukia fundi.

"Apinelu, mwanangu, jenereta ni bovu?"

Angeweza kusingizia unyevu wa mvua, au uzee wa betri. Lagisi alikuwa upande wa pili wa ukumbi, ametazama mkeka.

"Si bovu," alijibu. "Mbovu ni mimi." Akawaeleza habari ya chaja yote, neno kwa neno, huku Kaitu akigaragara kwa kicheko.

Jenereta limebaki kwa ajili ya siku za mawingu. Msimamizi wake ni Lagisi, na Apinelu ni msaidizi wa mkewe. Chaja imechomekwa, na yeye huikagua kila asubuhi kwa uso wa mtu anayekunywa dawa.

Kero imebaki moja. Umeme wa jua hauzimwi usiku kama ule wa jenereta, kwa hiyo taa na televisheni zinabaki zikiwaka bure na kuzimaliza betri. Apinelu alimshauri msimamizi wake arudishe ule mtindo wa zamani, taa zipepese mara tatu ili watu wakumbuke kuzima. Msimamizi akakubali.

Jioni amekaa kizingitini, mikono mapajani, wakati taa za kijiji zinapepesa. Moja, mbili, tatu. Watoto wanatimua mbio wakipiga kelele, "Babu Apinelu anazima! Babu Apinelu anazima!"

"Hata hilo la kupepesa taa kalichukua mke wangu," anasema. "Lakini mwakani naenda Funafuti mimi. Nimeshawaambia baraza. Nikirudi tunagawana jua, yeye mchana, mimi jioni."

Lagisi anatokea kwenye kona, funguo shingoni, amenuna.

"Nabonyeza mimi, linaitwa jina lako," anasema. "Miaka miwili naosha paneli, hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuliita langu."

"Unaona wivu, Mama Mele?"

"Naona. Unadhani wivu uliumbiwa wewe peke yako?" Anavua funguo, anazitupia mapajani mwa mumewe. "Kesho zamu yako. Lakini osha mikono kwanza, usinichafulie swichi."

Apinelu anainuka kutafuta sabuni, ingawa kesho bado iko mbali.