Mbok Saikem na Swali Lisiloulizwa

Kwa siku kumi na moja, madaktari wawili waliosomeshwa kwa kodi zetu walimtibu Mbok Saikem ugonjwa wa kuwa muuza mitishamba. Ugonjwa aliokuwa nao ulikuwa mwingine kabisa, na hakuna aliyepata dakika tano za kumuuliza.

Mbok Saikem, na Mbok kwetu ni mama, ameuza jamu, yaani dawa za kunywa za mizizi na majani, kwa miaka thelathini na minne katika mji wetu mdogo kusini mwa jiji la Solo. Kila alfajiri hujifunga mgongoni kapu la chupa na kupita nyumba kwa nyumba. Hamimini glasi kabla ya kuuliza: umelala? Jana ulikula nini? Maumivu yanaanzia wapi, na yanaelekea wapi? Choo je, kina rangi gani? Mimi, mwalimu wa kemia mwenye shahada mbili, nimesimama langoni kwangu na sare ya kazi nikieleza habari za choo changu huku majirani wakifagia taratibu ili wasipitwe na neno.

"Mbok, nipe tu ya mgongo, nimechelewa," nilimwambia siku moja.

"Haraka ni yako, Bu Guru, si ya mgongo wako," alinijibu, akaziba chupa. "Jibu kwanza."

Viganja vyake ni vya manjano miaka yote kwa sababu ya kusaga binzari. Kwa hiyo macho yake nayo yalipogeuka manjano, mwezi wa Julai 2019, soko zima lilicheka.

"Sasa unaisagia machoni, Mbok?" alimtania Yu Jirah, muuza tempe ya soya.

Kijana daktari wa zahanati alikuwa mwerevu kuliko soko. Alilowesha pamba kwa spiriti, akasugua kiganja cha Mbok, kisha akaiinua pamba iliyogeuka manjano kama mwindaji aliyenasa kanga. "Unaona? Ni binzari tu. Nenda ukaoge." Macho, ambamo hakuna mwanamke aliyewahi kusagia kitu, hakuyatazama.

Siku ya nane alishikwa na homa na kutetemeka, nikampeleka hospitali ya wilaya. Dokta Hendarto, daktari bingwa, aliwasili akifuatwa na wanafunzi watano kama bata na vifaranga.

"Kazi?"

"Nauza jamu, Pak Dokta."

"Aaa!" Aliandika neno hilo moja, akalipigia mistari miwili chini. "Mizizi imekuchoma ini, Mbok. Wanafunzi, andikeni."

Wakaandika. Kwa hiyo daktari wa kwanza alisema haumwi, ni binzari. Na wa pili akasema anaumwa, ni binzari. Mgonjwa mwenyewe hakuhitajika sana katika shauri hili.

Siku tatu alipewa dripu na mahubiri. Kila jioni alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta; wauguzi waliandika joto lake kwenye karatasi, na karatasi ikabaki kuning'inia bila kusomwa. Siku ya kumi na moja Dokta Hendarto alitangaza: "Kesho unarudi nyumbani. Na jamu uache maisha yako yote." Nilimtazama Mbok, mifupa na macho ya manjano, nikajua kwamba akirudi nyumbani vile, safari itakayofuata ni ya makaburini.

Mbok alikunja mikono kifuani. "Kwa ruhusa yako, Pak Dokta. Hujaniuliza kama ninakunywa jamu."

"Si unauza?"

"Kwani muuza majeneza hulala ndani yake? Tangu mimba yangu ya mwisho, harufu ya binzari hunitapisha. Mwaka wa ishirini na sita huu sijaonja hata tone."

Kalamu zilisimama.

"Basi niruhusu nijiulize mwenyewe, kama ninavyowauliza wateja wangu. Saikem, choo chako kina rangi gani?" Mwanafunzi mmoja, binti mwenye miwani, alipaliwa na kicheko. "Cheupe kama udongo wa mfinyanzi, wiki tatu sasa. Mkojo? Kama chai iliyolala. Ngozi? Inawasha hadi ninajikuna kwa kitana. Maumivu? Hapa, chini ya mbavu za kulia, nikila vya kukaanga, yanapanda begani. Kisha baridi inakuja." Alivuta pumzi. "Ungekuwa mteja wangu, Pak Dokta, nisingekuuzia hata glasi moja. Ningekwambia nenda hospitali. Sasa mimi niko hospitali. Niende wapi?"

Binti mwenye miwani hakuwa akicheka tena. "Dokta," alisema kwa sauti ndogo, "huo si mrija wa nyongo ulioziba?"

Ultrasaundi ilifanywa mchana ule ule: jiwe, ukubwa wa punje ya karanga, limekwama kwenye mrija. Kesho yake walilitoa, huko Solo, na homa ikaondoka nalo. Dokta Hendarto hakuomba radhi. Bingwa haombi radhi, huagiza kipimo.

Wiki tano baadaye kapu lilirudi mgongoni, na majirani wakarudia mifagio yao.

Tangu tarehe 2 Septemba 2019, fomu ya wagonjwa wa manjano katika wodi ile ina mstari unaouliza rangi ya choo. Umewekwa chini kabisa. Mstari wa kwanza bado unauliza kuhusu jamu.