Siku Shangazi Alipoambiwa Aonje

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa dukani, kwetu Mangobo, Kisangani, watu wazima waliamini kwamba ukikojoa chini na sisimizi wakajaa hapo, basi kuna mtu anakula damu yako polepole. Mimi niliamini vilevile. Ningekataaje, na sisimizi wenyewe niliwaona nyuma ya nyumba, pale papa, baba yangu, alipokwenda haja ndogo?

Papa alikuwa anakonda. Alimaliza mtungi wa maji na bado akalalamika kiu. Ndugu nao hawakosi la kusema: tonton mmoja, ndugu wa papa, akamtaja shangazi Zawadi, mdogo wake papa, aliyeishi nasi. Hana mtoto, akasema, na kila usiku anatoka nje. Anaenda wapi? Tangu hapo papa hakula tena chakula cha mkono wake. Ikaamuliwa kwamba hospitali isipoona ugonjwa, shangazi atarudishwa kwao Maniema na jina la mchawi mgongoni. Nilimpenda mno, ndiye aliyenisuka nywele. Siku zile sikuweza kutulia. Naingia, natoka, nasikiliza milangoni.

Asubuhi ya kipimo papa alitakiwa aende bila kula. Shangazi naye hakutia kitu mdomoni; alisema hawezi kushiba ndugu yake akiwa na njaa. Tulikwenda watatu kwa miguu.

Muuguzi alimtoa papa damu, akakoroga sukari yake ya unga katika kikombe cha maji. Akaeleza: anywe yote, kisha atolewe damu tena na tena, waone kama mwili wake unaweza kuishusha sukari hiyo. Kikombe akampa shangazi ampelekee.

Sasa, kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Papa alikitazama kikombe, asikipokee.

"Onja kwanza," akamwambia dada yake.

"Apana, citoyen," muuguzi akasema, akimwita "raia" kama ilivyokuwa desturi siku zile. "Hii sukari imepimwa. Ikipunguka, kipimo itadanganya."

Shangazi akionja, ameharibu kipimo, na hakukuwa na kitu kingine cha kumwokoa. Asipoonja, amejihukumu mwenyewe. Alisimama pale na kikombe mkononi, na mimi nikaangua kilio.

"Mama," hatimaye akamwambia muuguzi, "tengeneza ingine sawa na hii. Yaya, huyu kaka yangu, achague. Itakayobaki nitakunywa mimi, yote."

Muuguzi akaguna, lakini akatengeneza. Tena, sijui kwa huruma au kwa udadisi, akasema kwa kuwa shangazi naye hajala, bon, sawa, atampima pia. Akamtoa damu. Papa akachagua kikombe, wakanywa wakitazamana. Halafu tukangoja, wao wakiitwa kutolewa damu na kurudi, mimi nikizunguka uwanja wa hospitali mpaka miguu ikauma.

Majibu yalipotoka, sukari ya papa ilikuwa imepanda ikagoma kushuka. Ya shangazi pia. Kaka na dada, ugonjwa mmoja. Kumbe sisimizi walifuata sukari kwenye mkojo, na usiku shangazi alikuwa anatoka kwenda kukojoa tu, maskini ya Mungu.

"Zawadi, tuende nyumbani," papa akasema.

"Nyumba ni yako, yaya. Mimi nitakuja kusalimia."

Akahamia kwa rafiki yake, upande wa Bangboka. Alikuja kweli, tena na sombe, kisamvu chetu, aliyoipika vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini kila alipoweka sahani mbele ya papa, alichota yeye kwanza, akatafuna, akameza. "Acha, Zawadi, nakuomba," papa alimwambia. Hakuacha mpaka papa alipofariki.

Leo na mimi ninayo sukari, na watoto wangu huniuliza kama bado naamini mambo ya uchawi. Huwasimulia habari ya kikombe kile. Ninachojua ni kwamba papa alimpenda dada yake, nililiona hilo kwa macho yangu, na bado alimwogopa. Shangazi alimsamehe papa ugonjwa wote aliomsingizia. Neno lile moja, onja, alilomwambia mbele ya muuguzi, hakuweza kulisamehe.