Maji au Nchi

Nilidanganya neno moja tu, lakini nililirudia kila Jumamosi asubuhi kwa wiki saba: "Maji."

Klabu yetu ya kupiga makasia ina mtumbwi mmoja mrefu wa watu wanane. Kabla ya kuushusha, mwenyekiti, dalali wa samaki ambaye hata akinong'ona utadhani yuko mnadani, hutupanga mchangani na kumuuliza kila mmoja: maji au nchi? Anayejua kuogelea hujibu maji, asiyejua hujibu nchi. Kisha kila wa nchi hukalishwa mbele ya wa maji, ili mtumbwi ukipinduka awe na mtu wa kumshika. Wa nchi wakizidi, hatutoki.

Mimi nimezaliwa Dunda. Kutoka nyumbani hadi ufukweni ni mwendo wa dakika kumi, na sijui kuogelea. Mama aliiogopa bahari, akanipeleka shule ya bweni mapema. Niliporudi na shahada, bila kazi, mwenyekiti alinikaribisha klabuni niwaandikie historia yao, iambatane na barua ya kuomba jaketi za kuokolea maisha. Siku ya kwanza aliniuliza mbele ya watu wote. Niliwaza watakavyocheka, mtoto wa Dunda huyo, na neno likatoka.

Wakamkalisha mbele yangu bibi mmoja fundi cherehani, mwanzilishi wa klabu. Kila tulipotoka niliutazama mgongo wake mdogo na kuwaza. Tukipinduka atanishika shingo. Nitakuwa na pumzi ya sekunde ngapi? Nikimsukuma ili nielee, nitakuwa nimemuua? Nisipomsukuma, je? Kasia langu lilikuwa likigongana na ya wenzangu, na kijana mwenye mabega mapana aliyekaa nyuma kabisa alikuwa hanihurumii.

"Msomi! Hilo ni kasia, si kalamu!"

Baada ya Jumamosi ya saba nilikwenda nyumbani kwa bibi kuuliza habari za mwanzo wa klabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, ila usikalie nguo za watu."

Alisimulia huku akishona. Hapo mwanzo, alisema, watu walijibu maji au nchi, kisha kila mtu akakaa alipotaka. Kaka yake alikuwa amelelewa Msata, bara kwenye barabara kuu, na kila alipokuja pwani vijana walimtania kuwa mtu wa malori. Aliposimama mchangani akaulizwa, alijibu maji. Mtumbwi ukapinduka siku hiyo hiyo, karibu tu, mapaa ya nyumba yanaonekana. Waliojua kuogelea wakawakimbilia wa nchi.

"Yeye alishasema maji," bibi alisema. "Nani angegeuka kumtazama? Mimi nilisema nchi. Nikavutwa hadi ufukweni."

Akakata uzi kwa meno.

"Ndipo tukaanza kukaa wawili wawili. Sasa mimi nina wewe."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari.

Jumamosi iliyofuata upepo ulikuwa mkali na mawimbi yalivunjika hadi karibu na miguu yetu. Nilifikiria kusema naumwa, lakini Jumamosi nyingine ingekuja, na mgongo ule ungekuwepo. Mwenyekiti alianza kuuliza. Bibi akajibu nchi, kama kawaida yake, akinitazama.

"Msomi?"

"Nchi."

"Sema vizuri."

"Nchi. Sijui kuogelea. Sijawahi kujua."

Kicheko kikalipuka. "Mtoto wa Dunda!" mmoja akapiga makofi. "Bahari umeisomea darasani?"

Bibi hakucheka. Alikaa chini mchangani polepole, kama mtu aliyekatwa miguu. "Jumamosi saba," alisema. "Saba, nimekupa mgongo."

Kicheko kikakatika. Nilimsogelea nimwombe radhi. Kabla sijaanza, kijana wa mabega mapana alikohoa.

"Na mimi," alisema, macho chini. "Naweza kidogo tu. Hatua tatu, nne. Kumbeba mtu, hapana."

Hakuna aliyemtania. Bibi alimgeukia mwenyekiti.

"Na wewe?"

Mwenyekiti aliinama akaanza kufungua kamba ambayo haikuwa imefungwa. Niliutazama mtumbwi, nikazikumbuka zile Jumamosi zote, sisi wanane katikati ya maji, kila wa nchi ametulia kwa sababu ya mtu aliye nyuma yake.

Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeandika tunaomba jaketi nne, za wale wa nchi. Bibi alinyoosha mkono nimwinue, nikamwinua.

"Unayo kalamu?"

"Ninayo, bibi."

"Futa hiyo nne. Andika nane."

Niliiandika pale pale, karatasi ikiwa juu ya mtumbwi uliobaki mchangani siku hiyo.