Gambuti Moja, Dawa Mbili

Kwetu Giakanja gambuti, vile viatu virefu vya mpira, ni za nyumba, si za mtu. Hukaa kando ya mlango wa jikoni, na anayekwenda kukama huzivaa zikiwa bado na joto la aliyezivua. Ndivyo mimi na mama tulivyoambukizana fangasi. Yeye ilimshika katikati ya vidole. Mimi ilipanda hadi kwenye kucha, zikawa manjano, nene, zinamegeka kama biskuti.

Daktari wa kliniki moja mjini Nyeri aliniandikia kapsuli. Tangu nimalize chuo na kurudi nyumbani kungoja kazi, kuwaza ndiyo kazi niliyo nayo, kwa hiyo nilimuuliza maswali mpaka akaweka kalamu chini. Alitaka nipimwe damu kwanza, aone hali ya ini. Dawa niimeze mara tu baada ya kula nikashiba, nisiichanganye na ile ya kiungulia, maana itashindwa kuingia mwilini vizuri. Macho yakiwa manjano, mkojo ukiwa mweusi, miguu ikivimba au pumzi ikipungua, niache na nirudi bila kungoja. Nisikatishe dozi ati kwa sababu ngozi imependeza. Na nisimgawie mtu.

"Hata mtu wa nyumbani?" nikauliza.

"Hasa mtu wa nyumbani."

Majibu ya damu yalikuwa mazuri, nikaanza. Jioni hiyo, baada ya kula githeri, mahindi na maharagwe, mama alinitazama nikimeza, kisha akanyoosha kiganja. Mimi nimepewa jina la babake, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita baba.

"Baba, nipe na mimi moja."

Nilimwambia dawa hiyo ni yangu. Akacheka. Kwani fangasi si moja? Gambuti si moja? Mwaka jana si tulimaliza pamoja chupa ya dawa ya kikohozi na hakuna aliyekufa? Kisha, kwa sauti ya chini, akasema hata kanisani anaona haya kukaa karibu na watu, kwa vile vidole vinavyomwasha mpaka avisugue kwenye mguu wa benchi.

Kumnyima mama kitu kilicho mkononi mwako si jambo dogo kwetu. Lakini nilikuwa nikiangalia juu ya kabati, kwenye kopo la majani chai anamoweka vidonge vyake vya presha na vile vya mafuta kwenye damu. Kuwaza kwangu, ambako ndugu zangu hukucheka, kulifanya kazi yake. Kama hii haitaki hata dawa ya kiungulia, itakaa vipi na hizo?

"Dawa iko na wivu?" mama alisema. "Umesoma yote hayo na unaogopa kidonge?"

"Naogopa. Kesho tutaenda kuuliza, na hilo kopo tutabeba."

Akarudisha kiganja mapajani. "Haya. Baba amekataa."

Kesho yake daktari alimuuliza mama ni nani aliyemzuia kumeza. Mama akajibu, bila kutabasamu, kwamba ni babake. Daktari, ambaye ametoka magharibi mwa nchi na hajazoea mambo yetu, alichungulia nje ya mlango akimtafuta mzee, ili ampe mkono. Ilibidi nimwambie kwamba baba huyo ni mimi.

Kisha alimwaga kopo mezani, akasoma kila karatasi ya vidonge, na uso wake ukabadilika. Alisema kapsuli zangu zingezidisha nguvu ya vile vidonge vya mafuta ndani ya damu hadi misuli iharibike na figo zisumbuke. Na hata vya presha visingebaki salama. Mama alirudisha vidonge koponi. Alifunga kopo lake polepole. Akaandikiwa krimu ya kupaka, na kuambiwa akaushe miguu vizuri kati ya vidole kila akinawa.

Tukiwa njiani kurudi alisimama kwenye duka la vifaa vya shamba, akajichagulia gambuti za kijani.

Sasa kuna jozi mbili kwenye ua, zimepinduliwa juu ya nguzo zikauke. Juzi jirani alikuja kutusaidia kukama ng'ombe wetu na kuingiza mguu kwenye za kijani. Mama alimwita kutoka jikoni.

"Hizo zitoe. Ziko na mwenyewe."

Kisha akaniuliza kama nimekula, ndipo akanisogezea kapsuli zangu.