Jirani Aliyekaa Mbele ya Pikapu

Mwanangu, kwa kuwa unahamia chumba chako cha kwanza pale Kakuma, acha nikusimulie siku moja ya mtaa wa Kanamkemer, Lodwar, ambayo namshukuru Mungu kwayo hadi leo.

Nilikuwa msichana, nimetoka Bungoma kuja Lodwar kushona nguo. Cherehani yangu ndiyo iliyonilisha. Niliweka mlango wa chuma na kufuli kubwa, nikajiona salama. Jirani yangu, Mama Ekai, akaja kunisalimia. "Ejok," akanisalimu kwa Kiturkana, na hapo hapo: "Ukisafiri, uniambie. Mimi pia nitakuambia." Nilicheka kidogo, lakini nikakubali.

Basi asubuhi moja nikampitia, nikamwambia napeleka sare za shule Kakuma, nitarudi kesho yake. Jua lilipopanda, wakaja vijana na pikapu. Wakakata kufuli mchana kweupe, wakaanza kupakia vyombo vyangu huku wakipiga soga. Wapita njia hawakushtuka hata kidogo. Mama Ekai akatoka.

"Nyinyi ni nani?"

"Mwenye nyumba anahama, mama. Ametutuma."

"Anahama na nguo zake ziko kwa kamba? Huyo ameniaga leo. Anarudi kesho."

Wakamwambia aondoke. Yeye, mjamzito vile alivyokuwa, akaketi mchangani mbele ya pikapu, akapiga yowe. Wanawake waliokuwa wakichota maji wakaja mbio. Vijana wakatoroka kwa miguu. Dereva, aliyekodiwa tu, akabaki akiapa kwamba hajui lolote.

Niliporudi nilikuta cherehani nyumbani kwa Mama Ekai, ameifunika kwa shuka yake mwenyewe. Nilimshika mikono nikalia.

"Wangekukanyaga, mama!"

"Na wewe ukirudi, ningekuambia nini?"

Tangu siku hiyo, mwanangu, sikusafiri bila kumuaga, wala yeye bila kuniaga.

Kwa hiyo nunua kufuli imara, na mlango ufungwe hata ukienda dukani tu. Safari zako usizitangaze sokoni wala kwenye simu. Lakini jirani mmoja ajue, hata akiwa ametoka Sudan Kusini au Kongo na mnaelewana kwa shida. Msalimie kabla hujamhitaji. Akisafiri yeye, mlango wake uulinde kama wako.

Nenda salama. Mungu akupe usingizi mtamu katika chumba hicho, na upande wa pili wa ukuta akuwekee mtu wa kukujali.