Fundi wa dohani aliyefukuza moshi, dumuzi wakaingia

Jua la asubuhi limeshapanda juu ya mikorosho ya Mtunda, wilayani Kibiti. Mwanamina Haidari amepiga magoti jikoni kwa wifi yake, kitenge amekikaza kifuani, mkono umezama ndani ya dohani mpaka begani. Anavuta masizi. Mengine yanaingia kwenye gunia, mengine yanamwangukia kichwani, naye anakohoa huku akijichekea.

Mlangoni amesimama wifi mwenyewe, Bi Sabra, mikono kiunoni. Yeye hacheki.

Wote wawili wanajua kwamba kufagia dohani leo ni kisingizio cha kuchelewesha jambo. Jambo lenyewe liko juu, karibu na paa: kidirisha kwenye ubavu wa dohani, kimezibwa kwa kigae. Ndani yake mmetundikwa mahindi ya mbegu ya Bi Sabra, yote aliyonayo kwa masika haya. Yakitoka mazima, Mwanamina atabaki kuwa fundi. Yakitoka unga, yameliwa na wadudu dumuzi, heri akakaange vitumbua.

"Nimalizie masizi kwanza," anasema fundi.

"Malizia tu, wifi. Dumuzi kama wameshakula, wameshakula."

Mwanamina ana miaka arobaini na mmoja. Wazee wake waliteremka kutoka milima ya Umatumbi wakalowea huku, na ufinyanzi wa vyungu aliupata kwa mama yake kabla hajajua kusoma. Majiko banifu alijifunzia Kibiti mjini: jiko la udongo wa kichuguu, moto umefungiwa ndani, moshi unapanda kwenye dohani na kutokea juu ya paa.

Kilichobaki alifundishwa na mumewe, Muhidini, ambaye kazi yake ni kuezeka. Ndiye aliyemwonyesha namna ya kupitisha dohani kwenye makuti bila kuunguza nyumba: shingo nene ya udongo, makuti yakatwe yakae mbali nayo, juu kifuniko cha bati. Kuna waliotaka urahisi wakatoboa paa wenyewe na kuchomeka bomba tupu. Mmoja wao alibakiwa na kuta.

"Dohani ni kama mtoto," anasema Mwanamina. "Huzai ukaacha. Usipomwita fundi kuifagia, masizi yanaziba, moshi unarudi ndani, halafu lawama ni za fundi."

Jiko lake la kwanza la kuonyesha watu alimjengea Bi Sabra, dada wa Muhidini, bila malipo. Wifi huyo alikuwa na kifua kibovu na macho mekundu mwaka mzima. Kipya kinyemi, wanawake walikuja kushangaa jikoni kweupe, wakaagiza na wao. Kazi zikafika hadi Nyamwage, kila jiko shilingi elfu thelathini, na kwa mara ya kwanza nyumba ya Muhidini ikawa na wapata riziki wawili.

Kosa hakuliona mtu. Tangu enzi za mabibi, mahindi ya mbegu hutundikwa na maganda yake juu ya mafiga, kwenye uchaga, yakafukizwa mpaka yakawa meusi. Dumuzi hawayasogelei. Hakuna aliyewahi kuuita moshi huo dawa. Ulikuwa moshi tu, wa kulaaniwa. Ulipoondoka, Bi Sabra alitundika mbegu zake palepale pa siku zote, juu ya jiko lisilofuka.

Masika yalipokaribia, akazishusha. Alipomenya hindi la kwanza, unga ulimmwagikia miguuni. La pili vilevile. Yote.

Bi Sabra hakupiga kelele. Alichukua mchi, akaibomoa dohani, akarudisha mafiga yake matatu. Mwanamina alikimbilia kumzuia, akamkumbusha kifua chake.

"Macho mazima yataona nini, wifi, kama shamba halina kitu?" alijibiwa.

Habari hazina miguu lakini hufika. Walioagiza wakaghairi, waliokwisha kujengewa wakaziba dohani kwa matambara. Kisimani akabandikwa jina, Mama Dumuzi, nalo likamganda.

"Nililia," anakiri. "Kazi ningetafuta nyingine. Lakini wifi yangu ni mtu wa kugawa mbegu, si wa kuomba. Mwaka ule alipita nyumba kwa nyumba na kikapu, kwa sababu yangu."

Alimpelekea nusu ya mbegu zake. Zilipokewa, salamu hazikupokewa.

Aliporudi nyumbani, Mwanamina alikaa akaitazama dohani yake mwenyewe. Moshi haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa unapita mle ndani. Akaitanua dohani mahali pamoja, ikatuna kama tumbo la chungu, akaiwekea kidirisha ubavuni, akatundika mahindi humo. Mara ya kwanza aliweka tumbo karibu mno na moto; mbegu zikafaa kutafunwa, si kupandwa. Akabomoa, akalipandisha hadi karibu na paa, ambako moshi umeshapoa. Safari hii alipoziotesha kwenye kopo la mchanga, zilichipua.

Zilichipua kwake. Kijiji kilikuwa kinamtazama Bi Sabra.

Baada ya mavuno yaliyofuata, kikohozi kilipomzidi, wifi akakubali kujengewa tena. Mwanamina alimsihi aanze kwa kuweka nusu tu ya mbegu. Bi Sabra akakataa katakata.

"Nikiweka nusu, utajitetea kwa nusu," alimwambia.

Sasa masizi yamekwisha, na kisingizio kimekwisha nacho. Bi Sabra anapanda kwenye kinu kilichopinduliwa, anakitoa kigae kwa mikono yake, anashuka na shada la mahindi meusi tii. Analiweka hindi sikioni, analitikisa. Analimenya taratibu. Anapitisha kidole gumba kwenye mistari ya punje, kisha anang'oa moja na kuiuma.

"Ngumu," anasema.

Anamenya la pili, la tatu. Halafu anakaa chini, machozi yanamtoka, na leo jikoni hamna moshi wa kuusingizia.

Mwanamina anamwachia nafasi. Nje, akijipangusa masizi, anaeleza kwamba siku hizi mteja akimwita, haulizi kwanza anataka jiko la ukubwa gani. Anauliza, "Mbegu mnaweka wapi?" Mpango wake ni kuwarudia wote walioziba dohani zao, awatilie kidirisha bila malipo, hata wanaomwita Mama Dumuzi. Anachohofia ni kwamba hawatamfungulia mlango.

Bi Sabra amesikia kutoka ndani. Anatoka, shada la mahindi begani.

"Tutaanzia Umwe, kwa mwanangu Yasmin, naye aliiziba yake," anasema. "Mimi ndiye niliyebomoa, kila mtu anajua. Mimi nitabisha hodi, wewe utajenga."